Beringi Husema Mapema: Mhadhara kwa Mafundi, Madereva na Wenye Magari wa Frere Town

Nawashukuru kwa kuja saa hizi, maana najua ndizo saa za abiria wengi kutoka tauni kurudi Kisauni, na mwenye gari aliyeketi hapa anaziacha pesa barabarani. Nitajitahidi aondoke na kitu kinachozifidia.

Msemaji akialikwa Frere Town, mara nyingi huanza na ile kengele ya zamani ya mtaa huu. Kengele yetu naiheshimu, lakini leo naomba nianze na mikono. Makazi haya yaliwekwa na Church Missionary Society mnamo 1875, miaka miwili baada ya mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja, mkataba ambao Sir Bartle Frere aliuhangaikia na John Kirk akaukamilisha mbele ya Sultani Barghash. Miongoni mwa watu wa mwanzo hapa walikuwamo Waafrika waliokombolewa baharini, wakalelewa Nasik, nchini India, wakafundishwa huko useremala, uhunzi na kazi nyingine za mikono kabla ya kurudishwa pwani hii. Kwa hiyo kijana wa gereji akiambiwa kwamba ufundi ni kazi ya aliyeshindwa na shule, ajue kwamba mtaa huu ulisimamishwa na watu wa nyundo na randa.

Kusudi la mhadhara huu ni kueleza jinsi beringi ya gurudumu inavyochakaa, inavyotambuliwa na inavyobadilishwa. Lakini nina dai langu, nami naliweka mezani mapema ili mpate kulipinga mkitaka. Nasema hivi: beringi nyingi zinazokufa katika gereji zetu haziuawi na barabara peke yake. Huuawa na maji yaliyopita kwenye sili mbovu, yaani mpira wa kuziba uliochakaa, kisha na mkono wa fundi aliyepiga pasipostahili kupigwa. Na hayo yote huanzia kwenye desturi moja: hatulipi kazi ya kutambua ugonjwa, tunalipa kazi ya kufungua tu. Nina hoja sita.

Hoja ya kwanza: kifaa ni kidogo, mzigo ni mkubwa

Nimekuja na beringi mbili, nazo zitapita mkono kwa mkono. Tafadhali zisiishie mfukoni mwa mtu. Ya kwanza nimeikata kwa grainda muone ndani: pete ya nje, pete ya ndani, gololi katikati, na kizimba kinachozitenga gololi zisigongane. Ya pili ina roli zilizolala mshazari. Hiyo ndiyo tunayoiita beringi ya koni, na pete yake ya nje tunaiita kapu.

Wazo hili lina umri. Mwaka 1794 Philip Vaughan wa Carmarthen, huko Wales, alipewa hataza ya kuweka gololi kwenye ekseli ya gari la farasi. Mwaka 1898 Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi Marekani, akapata hataza ya roli za mshazari. Alikuwa ameona kwamba gari likikata kona, gurudumu halibebi uzito wa kutoka juu tu. Linasukumwa na kutoka ubavuni. Mwaka 1907 Sven Wingquist akaanzisha SKF mjini Gothenburg, Uswidi, kwa beringi ya gololi inayojipanga yenyewe ekseli ikipinda kidogo.

Sasa tufanye hesabu ya hapa nyumbani. Chukua matatu ya viti 14. Ikijaa, uzito wake wote hufika tani mbili na nusu au zaidi. Gawa kwa magurudumu manne: kila moja linabeba zaidi ya kilo 600. Tairi yenye mzingo wa mita mbili huzunguka mara 500 kwa kila kilomita. Gari likienda kilomita 150 kwa siku, kati ya Kisauni na feri ya Likoni, kwenda na kurudi, beringi imezunguka mara 75,000, na katika kila mzunguko zile gololi zimepita juu ya chuma kwa shinikizo lisiloonekana kwa macho.

Wahandisi wana kanuni moja ambayo ningependa kila mwenye gari aijue. Maisha ya beringi ya gololi hupungua kwa kipeo cha tatu cha mzigo. Ukizidisha mzigo mara mbili, maisha hayabaki nusu. Hubaki sehemu moja kati ya nane. Ukiongeza robo tu, maisha yanakaribia kukatika nusu. Kwa beringi za roli adhabu ni kali zaidi kidogo. Wale abiria watatu wa ziada wanaobanwa kwenye mbao zilizowekwa kati ya viti, pamoja na mizigo yao kutoka soko la Kongowea, wanaweza kufika kilo 200. Hiyo ni asilimia nane ya tani mbili na nusu, na asilimia nane ya mzigo hula kiasi cha moja ya tano ya maisha ya beringi. Wakikaa wote nyuma, magurudumu ya nyuma yanapata hasara kubwa zaidi. Nauli ya watatu hao ni faida, sikatai. Ila mwenye gari aandike na upande wa pili wa daftari.

Na nyinyi vijana wa rimu pana zilizotokeza nje ya bodi: gurudumu likisogezwa nje, uzito hauangukii tena katikati ya beringi. Unakuwa mtaimbo unaoipinda usiku na mchana. Gari linapendeza, habu, yaani kitovu cha gurudumu, inalia.

Hoja ya pili: adui wetu wa kwanza ni maji, na ngao yetu ni sili

Huko bara wenzetu wanapambana na vumbi. Sisi tuna vumbi, tuna maji, na maji yetu yana chumvi. Hewa yenyewe ya hapa hula chuma. Muulize yeyote mwenye mabati karibu na ufuo. Magari yanayovuka Likoni hupita kwenye mteremko wa feri ambao maji ya bahari huupiga. Masika ikifika, Aprili na Mei, vidimbwi husimama kwenye barabara zetu za ndani, na tuktuk yenye vigurudumu vidogo huzama hadi kwenye habu.

Tazameni kinachotokea. Gari limetoka safari, breki zimepata moto, habu imepata moto, na hewa iliyomo ndani yake imetanuka. Dereva anaingia kwenye kidimbwi. Habu inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na ule msinyao unavuta maji kupitia mdomo wa sili. Sili ikiwa nzima, maji yanabaki nje. Ikiwa imekauka, imepasuka, au ilipigwa upande ilipotiwa, maji yanaingia na kukutana na grisi. Grisi iliyoingia maji hubadilika rangi, ikawa nyeupe nyeupe, nayo haibebi tena mzigo. Kutu inaanza kuchora madoa kwenye pete, na kila doa ni shimo ambalo gololi italigonga mara 500 kwa kila kilomita.

Hapa nina neno kwa wanaoosha magari. Pampu ya maji ya nguvu ni nzuri kwa bodi. Lakini mkiilekeza moja kwa moja kwenye habu, mnafanya kwa dakika moja kazi ambayo masika ingeifanya kwa wiki. Osheni rimu kwa maji ya kawaida na brashi.

Mnielewe vizuri: sili ni kitu cha bei ndogo sana ukiilinganisha na beringi. Fundi anayefungua habu, akakuta sili ya zamani, akaifuta kwa kitambaa na kuirudisha ili kumpunguzia mteja gharama, hakumsaidia. Amemwandalia safari ya pili.

Hoja ya tatu: kutambua ni kazi, na ina utaratibu

Beringi haifi ghafla. Hutangulia kusema, mara nyingi wiki nyingi kabla. Tatizo ni kwamba sauti yake hufanana na sauti za vitu vingine, na fundi asiyechunguza hufungua kisichoumwa.

Mwanzo ni mvumo. Beringi iliyochoka huvuma, na mvumo hupanda kadiri mwendo unavyopanda. Haufuati injini; unafuata magurudumu. Tafuteni kipande cha lami kilicho sawa, saa ambazo magari ni machache, redio ikizimwa. Nimesema redio izimwe, na naona makondakta wanacheka, lakini gari lenye spika nne nyuma haliwezi kutambuliwa ugonjwa. Mwendo ukiwa sawa, ondoa mguu kwenye mafuta kisha urudishe. Sauti ikibadilika kwa mguu wa mafuta, shuku difu au giaboksi kwanza. Ikibaki vile vile, endelea.

Kisha lilaze gari kidogo kulia, halafu kushoto, kwa upole na mahali salama. Ukikata kulia, uzito unalalia magurudumu ya kushoto. Mvumo ukizidi hapo, shuku upande wa kushoto. Ukizidi unapokata kushoto, shuku wa kulia. Hiyo ni dalili, si hukumu. Kuna beringi zinazodanganya, hasa zenye safu mbili za gololi. Ukisikia kata-kata-kata wakati wa kukata kona hadi mwisho, hiyo mara nyingi ni jointi ya drafshafti, si beringi.

Mshukiwa mwingine ni tairi. Tairi iliyoliwa kwa mawimbi huvuma kama beringi. Ipapase kwa kiganja kwenye uso wake: ukisikia mabonde na vilima, hamisha tairi za mbele ziende nyuma, kisha toka tena barabarani. Sauti ikihama, umeokoa pesa ya beringi.

Sasa gari liende kwenye jeki. Zuia magurudumu mengine kwa mawe au mbao, na gari likae juu ya stendi. Jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemea. Shika gurudumu, mkono mmoja juu kabisa na mmoja chini kabisa, kisha lisukume na kulivuta. Likicheza, mwite mwenzako akanyage breki, nawe usukume tena. Mchezo ukipotea breki ikikanyagwa, ni beringi. Ukibaki, tazama boljointi au kingipini. Halafu shika kulia na kushoto: mchezo wa upande huo peke yake humwelekeza fundi kwenye tai rodi na usukani.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote halihitaji chombo chochote. Gurudumu likiwa hewani, weka gia katika nyutro, zungusha gurudumu kwa mkono mmoja, na vidole vya mkono wa pili viguse springi ya gurudumu hilo. Beringi nzima, springi imetulia tuli. Beringi iliyochoka, vidole vinapokea mkwaruzo mdogo mdogo unaopanda kwenye chuma, hata kama sikio halisikii kitu. Kisha fanya hivyo upande wa pili, ulinganishe. Fundi asiyelinganisha pande mbili hajapima, amekisia.

Ziko na dalili nyingine za kuuliza dereva. Pedali ya breki inashuka sana mara ya kwanza, kisha ya pili inakuwa juu? Diski inayoyumba kwa sababu ya beringi husukuma pedi nyuma, na pedali inapoteza safari. Taa ya ABS imewaka? Kwenye magari mengi ya siku hizi kihisio cha ABS husoma pete ya sumaku iliyo ndani ya sili ya beringi, na beringi ikiyumba, kihisio kinachanganyikiwa. Habu moja ina moto kuliko mwenzake baada ya safari isiyo na breki nyingi? Basi ni beringi, au ni breki inayoburuta. Kagua zote mbili. Na moto upimeni kwa kusogeza kiganja karibu, si kwa kushika.

Kazi hii yote huchukua muda. Katika muda huo hakuna nati iliyofunguliwa wala spea iliyonunuliwa, na ndiyo maana mteja huona kwamba hakuna kilichofanyika. Nitarudi kwenye jambo hili.

Hoja ya nne: beringi mpya huuawa siku ya kutiwa

Kuna aina mbili kubwa tunazokutana nazo, na kila moja ina adabu yake.

Ya kwanza ni beringi ya koni, inayokaa mbili mbili ndani ya habu, ndogo nje na kubwa ndani. Ipo kwenye pikapu nyingi, malori, na matatu za zamani upande wa mbele. Kalipa ikitolewa, ifungwe kwa waya kwenye springi. Isiachwe ikining'inia kwa mpira wa breki. Toa splitipini, nati na habu. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha kwa kitambaa safi. Vijana, najua raha ya kuishika beringi na kuipuliza kwa kompresa mpaka ilie kama king'ora. Acheni. Inazunguka kavu bila mzigo, inajikwaruza, na ikipasuka hewani roli zake hurushwa kama risasi.

Ikaguliwe mwangani. Roli ziwe na rangi moja. Ukiona bluu, ilipata moto. Ukiona vishimo, au mistari iliyopangana kwa nafasi sawa na roli, ilipigwa au ilibeba mzigo mkubwa ikiwa imesimama. Hapo haina dawa. Na ikibadilishwa, ibadilishwe koni na kapu lake pamoja. Koni mpya juu ya kapu la zamani hurithi ugonjwa wa kapu.

Kapu jipya litiwe kwa kipande cha shaba au kwa kapu la zamani lililosagwa kidogo, likishuka sawasawa pande zote mpaka mlio wa nyundo ubadilike, ujue limekaa. Grisi ipakwe kwa kiganja: weka donge mkononi, uisukume beringi kwa ule upande mpana wa kizimba mpaka grisi itokee upande wa pili kati ya kila roli. Ndani ya habu usijaze yote. Theluthi hadi nusu yatosha, kwa sababu grisi iliyosongamana hupata moto. Na usichanganye grisi mbili usizojua zinapatana.

Halafu nati. Kaza huku gurudumu likizunguka ili roli zikae mahali pake, kisha legeza, kisha rudisha kwa vidole mpaka iguse tu. Mchezo unaotakiwa mwishoni ni wa sehemu ndogo mno ya milimita: kiasi cha 0.03 hadi 0.12 kwenye magari mengi madogo. Anayekaza kwa nguvu zote akidhani anamsaidia mteja amemwuzia moto. Splitipini ni mpya daima.

Aina ya pili ni beringi iliyozibwa kiwandani, ya safu mbili za gololi, inayoshindiliwa ndani ya nako, kile chuma kinachoishika habu. Ndiyo ya mbele kwenye Probox, Corolla na ndugu zake. Haipakwi grisi, hairekebishwi, na haipigwi. Nati kubwa ya ekseli ilegezwe gurudumu likiwa bado chini. Nako itolewe, habu isukumwe nje kwa presi. Pete ya ndani mara nyingi hubaki imeng'ang'ania habu. Ikatwe kwa grainda bila kuigusa habu yenyewe, kisha ipasuliwe kwa tindo. Toa saklipi, sukuma beringi ya zamani, safisha tundu mpaka ling'ae.

Sasa kanuni, na naomba aiandike hata asiyeandika. Unapoisukuma beringi ndani ya nako, nguvu ipite kwenye pete ya nje tu. Unapoisukuma habu ndani ya beringi, pete ya ndani iegemezwe kutoka upande wa pili. Nguvu isipite kamwe kwenye gololi. Ukisukuma pete ya ndani ili pete ya nje iingie, kila gololi inachora kidimbwi chake kwenye chuma, na beringi hiyo imezaliwa ikiwa mgonjwa. Itavuma baada ya wiki chache, mteja atasema spea ilikuwa feki, na fundi atakubali haraka haraka.

Ikiwa ina pete ya sumaku ya ABS, upande wenye sumaku uelekee kihisio. Kipande kidogo cha chuma chepesi kitakuonyesha ni upande gani. Ukiigeuza, taa itawaka na gari litarudi. Nati ya ekseli ikazwe kwa spana ya toki kwa kipimo cha gari hilo. Corolla nyingi za miaka ya 2000, kwa mfano, zinataka nyutoni-mita 216. Bomba refu na mwili wa kijana si kipimo. Ukikaza pungufu, pete mbili za ndani zinaachana na beringi inacheza. Ukizidisha, unaweza kuharibu nyuzi na beringi pamoja.

Hoja ya tano: sokoni nenda na namba, usiende na jina la gari

Mara nyingi fundi hutuma kijana dukani na maneno, "Niletee beringi ya Probox." Muuza duka anampa inayolingana na pesa aliyonayo. Namba imeandikwa kwenye pete, jifunzeni kuisoma. Kwa beringi nyingi za kawaida, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa tano unapata kipenyo cha tundu kwa milimita: 6204 ni milimita 20, 30205 ni milimita 25. Kanuni hiyo inaanzia 04 kwenda juu. Beringi za magurudumu huandikwa mara nyingi kwa herufi DAC, na hapo vipimo vimewekwa wazi. DAC38740036 ina tundu la milimita 38, kipenyo cha nje 74 na upana 36. Mwenye vernia na namba hadanganyiki kwa urahisi.

Feki zipo. Kenya ilipitisha Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia mwaka 2008, na mamlaka ya kazi hiyo ipo, lakini mkaguzi hawezi kukaa katika kila duka la spea. Tazameni maandishi kwenye pete: yawe makali, yaliyochorwa sawasawa, yakilingana na ya kwenye boksi. Zungusheni kwa kidole mkisikiliza. Ombeni risiti yenye namba ya beringi. Muuzaji anayekataa kuandika namba amekwisha kuwajibu.

Na hizi za mitumba kutoka Japani, zilizotolewa kwenye gari lililochinjwa? Kiwango chetu cha KS 1515 hakiruhusu gari lililozidi miaka minane kuingizwa nchini. Lakini hata gari la miaka minane limeshazungusha beringi zake mara milioni nyingi kabla ya kushushwa bandari ya Kilindini. Kununua beringi iliyotumika, iliyong'olewa kwa nyundo usiyoiona, ni kununua shaka kwa bei ya chini.

Hoja ya sita: tulipe sikio la fundi

Nilisema nitarudi kwenye malipo. Kwa desturi yetu, mteja hulipa spea na "labour". Utambuzi huhesabiwa kuwa bure. Matokeo yake ni kwamba fundi mwaminifu anayetumia saa nzima kugundua kwamba sauti ni ya tairi hapati kitu, na fundi anayebadilisha beringi nzima bila kuchunguza anapata. Tumeweka tuzo upande usiofaa.

Napendekeza ada ya utambuzi, ndogo na iliyobandikwa ukutani, na gari likitengenezwa hapo hapo ipunguzwe kwenye malipo. Pamoja na ada, mteja apewe karatasi: gurudumu gani, jaribio gani lilifanywa, kilichoonekana ni nini. Na beringi ya zamani akabidhiwe mkononi. Mteja akiviona vile vishimo kwenye pete kwa macho yake, hataiita pesa yake wizi.

Wenye magari nao wasitegemee ukaguzi wa serikali peke yake. Tangu kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, zilipoanza kutumika mwaka 2004, tumezoea kuulizana kuhusu mikanda na vidhibiti mwendo. Ni jambo jema. Lakini stika ya ukaguzi inaeleza hali ya gari siku lilipokaguliwa. Beringi iliyo ndani ya habu inakaguliwa na dereva anayesikiliza kila asubuhi, na fundi anayelinyanyua gari kila linapobadilishwa pedi. Gurudumu lililopoteza beringi linaweza kuachana na gari, na likiachana nalo katika mteremko wa Daraja la Nyali, halichagui wa kumgonga.

Kwa kufunga: yaliyo mbele yetu

Niwaachie mambo matatu ya kufanyia kazi, na ningependa kuyasikia yakijadiliwa hata baada ya mimi kuondoka.

La kwanza, presi na spana ya toki. Gereji moja ya jua kali haimudu kila kitu, lakini gereji tano au sita za mtaa mmoja zinaweza kuchanga kununua presi moja na spana moja nzuri, na kuziweka mahali pa kuzitumia kwa zamu. Vyama vyetu vya akiba vinanunua viwanja. Havishindwi na presi.

La pili, vyeti. Wako mafundi hapa ambao wamefanya kazi hii tangu ujana wao na hawana karatasi hata moja. Mitihani ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ya daraja la tatu, la pili na la kwanza iko wazi kwao, na sera ya taifa ya kutambua ujuzi wa awali, iliyozinduliwa mwaka 2024, imekusudiwa watu kama wao. Tuunde kundi, tujisajili pamoja, tusaidiane kulipa ada. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichoanza mwaka 1951 kama taasisi ya elimu ya Waislamu na kuwa politekniki mwaka 1972, kiko ng'ambo ya maji tu, Tudor. Tukiwaandikia walimu wake waje kutupa somo la vipimo jioni moja, sidhani watakataa. Na wakikataa tutawaandikia tena.

La tatu ni daftari. Kila gereji ifungue daftari la beringi: tarehe, gari, gurudumu, namba ya beringi, kilomita, na sababu ya kuharibika. Tukilijaza mwaka mmoja kwa uaminifu, tutajua kwa hesabu zetu wenyewe ni njia zipi zinakula beringi, ni duka lipi linauza zisizodumu, na ni masika au mizigo inayotugharimu zaidi. Hapo tutaweza kwenda kwa kaunti na kusema habari za barabara zetu tukiwa na ushahidi mkononi, wala si malalamiko.

Katibu ameniambia kwamba kuna watu saba ambao tayari wamekubali kuchukua daftari hizo leo. Ziko mezani pale, na kalamu zipo. Sasa nipo tayari kwa maswali, tukianza na yule baba wa lori aliyeinua mkono tangu hoja ya kwanza.